Mzee wa Landhi Anajibu: Stesheni Nzima Juu ya Rafu ya Vitabu

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zinalia kilio kimoja: nafasi hakuna. Kwa mgeni wa safu hii, mimi nilizaliwa kwenye landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Voi, baba yangu akiwa shanta, mpanga mabehewa yadini. Tangu nistaafu natengeneza stesheni za treni ndogo, zile zinazotembea kweli kwa umeme, na kila moja inakaa juu ya ubao usiozidi mita moja na robo. Humu nikisema "ubao" nina maana ya kazi nzima: mbao, reli, nyumba, miti na vumbi lake. Haya, tufungue bahasha.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nakaa Kariakoo, vyumba viwili, watoto watatu. Mke wangu amenikubalia rafu moja ukutani, sentimita 120 kwa 30. Nataka treni izunguke, ipite darajani, ifike bandarini, na nyuma uonekane Mlima Kilimanjaro. Nianzie wapi? — *Fundi simu, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kumshukuru mke wako. Ukimaliza, toa mlima. Toa na daraja. Kuzunguka nako kutoe, na hapa si suala la kupenda, ni suala la futi kamba. Kwenye kipimo cha HO, yaani 1:87, kila kitu kikiwa kidogo mara 87 kuliko cha kweli, kona kali za dukani zina nusu kipenyo cha sentimita 36 hivi, kwa hiyo duara linataka ubao wa upana wa sentimita 80. Ukishuka hadi kipimo cha N, yaani 1:160, ambacho reli zake zimeachana milimita 9 tu, kona kali ni kama sentimita 20, na duara bado linataka sentimita 45. Wewe una 30. Treni yako itakwenda na kurudi, kama zinavyofanya treni za kweli zikiwa yadini.

Imebaki bandari, na bandari peke yake inakutosha. Yuko Mwingereza, Alan Wright, aliyejenga ubao mdogo akauita Inglenook Sidings, na mpangilio wake umeigwa kila pembe ya dunia. Una pointi mbili tu, yaani pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili, na njia tatu za kuegesha mabehewa. Njia ndefu inabeba mabehewa 5, zile fupi zinabeba 3 kila moja. Upande wa pili kuna mkia, yaani kipande cha reli ambacho kichwa hurudi nacho nyuma, na huo unabeba kichwa na mabehewa 3, basi. Mabehewa yote ni 8. Unaandika kila moja kwenye kikaratasi, unatia vyote kwenye kofia, unachomoa vitano. Hiyo ndiyo treni unayotakiwa kuipanga kwenye njia ndefu, na kwa mfuatano uleule uliochomoa. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Ukipanga mmoja kila jioni utamaliza baada ya miaka 18. Baba yangu alilipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo, na kwa masimulizi yake, behewa lililotakiwa siku zote lilikuwa la katikati.

Sasa pima, lakini usipime kwa karatasi. Nunua kwanza mabehewa yako, yaunganishe mezani, ndipo ukate reli. Behewa fupi la kipimo cha N lina sentimita 7 hivi: matano ni 35, pointi mbili ni kama 24, mkia wa kichwa na mabehewa matatu kama 30. Ongeza sentimita chache ili mabehewa yasigusane pale njia zinapokutana, bado hujafika mita moja. Hizo zinazobaki usijaze reli. Weka geti, weka muuza kahawa na deli lake.

Na mkia usiurefushe hata kwa huruma. Wengi wanafika hapo wanasema, "ngoja niongeze kidogo nipumue." Ukiongeza kidogo, mabehewa manne yanaingia, fumbo limekufa na umebaki na rafu ya vumbi. Wengine watakushawishi ujenge ile ya Mmarekani John Allen, Timesaver, yenye pointi tano. Mimi siipendi. Ni mtego wa panya uliovaa reli, hakuna shanta yeyote aliyewahi kuona yadi ya namna ile.

Kufungua mabehewa tumia kijiti cha mshikaki, ncha yake uichonge iwe bapa, uingize katikati ya viungio uzungushe kidogo. Na pointi ununue zile ambazo pale reli zinapokatana pana chuma chenye umeme, siyo plastiki tupu. Kichwa kifupi cha magurudumu manne kikifika kwenye plastiki kinakata roho hapohapo, halafu unakisukuma kwa kidole mbele za wageni.

SWALI: Mzee, nilikwenda Makumbusho ya Reli Nairobi nikaona kichwa cha 59, usingizi ukanitoka. Nina ubao wa mita moja. Nitumie reli za upana gani ili kiwe sahihi? — *Mhasibu, Nairobi*

JIBU: Nakuelewa kabisa. Nilipokuwa mdogo, 59 ikipanda kutoka Mombasa usiku, sufuria zilikuwa zikitikisika ukutani kabla hujaisikia yenyewe. Vichwa hivyo vya mvuke vya daraja la 59 vilitengenezwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, mwaka 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hicho ulichokiona chenye namba 5918 kinaitwa Mount Gelai, na Gelai ni mlima wa Tanzania. Shirika la pamoja la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, mlima wa watu ukabaki Nairobi.

Upana wa reli. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Gawa milimita 1,000 kwa 87 unapata 11.5, na reli za milimita 12 zinapatikana kwa sababu Waswisi nao wana treni za mita moja na wanazitengenezea vitu vizuri sana. Nusu milimita hiyo haionwi na mtu isipokuwa mgomvi. Anayetaka TAZARA, ambayo upana wake ni 1,067, atapata 12.3, naye atatumia reli zilezile. Au atumie reli za N za milimita 9 na kila kitu kingine akijenge kwa kipimo cha 1:120. Watu wa New Zealand, wenye reli ya upana huohuo, wamefanya hivyo miaka mingi. Mwenye SGR, iwe ya Mombasa au ya Dar, ndiye mwenye bahati: 1,435 gawa kwa 87 ni 16.5, yaani reli ya kawaida ya HO unayoikuta kila duka.

Lakini ndugu yangu, 59 ina urefu wa karibu mita 32. Kwa HO hiyo ni sentimita 36 na nusu, zaidi ya theluthi ya ubao wako, kabla hujaweka hata behewa moja. Ikitembea mara mbili urefu wake imeishiwa nchi. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiitembeze. Jenga mlango wa karakana upande wa kulia, na ndani ya mlango huo utokeze pua ya 59, tangi la mbele, taa kubwa na rangi yake ya damu ya mzee, sentimita 12 hivi, basi. Iliyobaki haipo, imefichwa na ukuta ambao nyuma yake hakuna kitu. Mtazamaji ataimaliza mwenyewe kichwani. Mbele yake ndiyo utembeze kichwa kidogo cha yadi na mabehewa matatu ya mafuta, maana 59 zilichoma mafuta, hazikuchoma makaa. Ukimwaga makaa karibu nayo wastaafu watakuandikia barua.

SWALI: Treni ya plastiki ya betri, ya sokoni, inafaa kuanzia? — *Mama wa mapacha, Morogoro*

JIBU: Kwa mapacha, ndiyo, leo hii. Kwa ubao, hapana: magurudumu yake yana ukingo mnene unaogonga mataruma ya reli za kweli. Ila bodi za mabehewa yake usizitupe. Ukizikalisha juu ya magurudumu ya dukani na kuzipaka rangi isiyong'aa, utashangaa.

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi nipo Maskati, wazee wangu ni watu wa Unguja. Marehemu babu alikuwa akisimulia treni ya Bububu. Ningependa kumtengenezea baba kitu kidogo cha kuweka sebuleni, lakini picha ninazoziona za reli ndogo zote ni milima ya theluji. Je, inawezekana? — *Binti wa Malindi, Maskati*

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu. Inawezekana, na tena umenipa kazi tamu kuliko zote za safari hii. Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ikafunguliwa mwaka 1905, maili 7 tu kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, na ilipita kwenye vichochoro vya mji hivi kwamba mtu wa dirishani angeweza kumpa abiria mkono. Mtu wa ubao mdogo anatafuta nini zaidi ya hapo? Sisi wengine tunahangaika kutafuta namna ya kuificha treni inapotoka kwenye ubao, tunaotesha miembe, tunasimamisha maghala yasiyo na bidhaa. Wewe mji wenyewe umekufichia. Treni inatokea kichochoroni kushoto, inapita mbele ya baraza, inapotelea kichochoroni kulia.

Upana wake ulikuwa futi 3, yaani milimita 914. Ukichukua kipimo cha Waingereza cha 1:76 na reli za milimita 12, hesabu inatoka sawasawa, bila kuonea wala kuonewa. Ubao wa sentimita 80 kwa 22 utakutosha. Kila upande ongeza kipande kisichoonekana cha sentimita 30, ambacho mimi huita uani, kwa sababu ndiko mambo yote yanakopikwa. Uani wangu ni kipande cha ubao kilichopigiliwa msumari mmoja nyuma, kinazunguka kama bawa la mlango, juu yake njia tatu za reli. Ukikisogeza unachagua treni ipi iingie mjini.

Nyumba usizijenge nzima. Kata nyuso tu, kwa kadibodi ngumu, zitoke ukutani sentimita 2 au 3: ukuta, dirisha, roshani, mlango wa nakshi. Kwa kipimo hicho ghorofa mbili ni kama sentimita 11, za tatu 16. Zipange zipishane, moja itokeze mbele, moja irudi nyuma, na kati ya mbili acha ufa wa upana wa kidole uone kipande cha bahari kilichopakwa rangi. Huo ufa utafanya kazi kuliko nyumba zote.

Sasa rangi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chokaa ya Unguja si nyeupe. Paka nyeupe iliyotiwa tone la njano, iache ikauke, kisha chukua maji yaliyochafuliwa na rangi ya kahawia, uyateremshe kutoka juu kwa brashi ndogo kama mvua inavyoteremka: chini ya roshani, chini ya madirisha, na nyingi zaidi shubiri ya mwisho karibu na ardhi ambako unyevu hupanda. Futa kwa kitambaa kabla hayajakauka. Mlango wa nakshi usijaribu kuuchonga wote, mwanangu, utapofuka. Chonga fremu, bandika misumari ya shaba, yaani vidoto vya gundi vilivyopakwa rangi ya dhahabu chakavu, kisha uache bawa moja wazi. Ndani paka weusi. Na mtu mmoja tu barazani, aliyekaa. Watu waliosimama huku wamenyanyua mguu mmoja huonekana wamerogwa.

SWALI: Nimemwaga gundi juu ya kokoto zangu, zote zikaelea na kuganda kama uji. Nimekosea wapi? — *Kijana wa Mtito Andei*

JIBU: Hukuzilowanisha kwanza. Maji yana ngozi. Tone la gundi likitua juu ya vumbi kavu linaviringika kama shanga na kubeba kila kitu. Mwaga kokoto zako kavu katikati ya mataruma, zisawazishe kwa brashi laini hadi hakuna hata punje moja iliyokaa juu ya taruma au ubavuni mwa reli. Hatua hii inachukua muda mrefu kuliko nyingine zote, na hakuna njia ya mkato. Mimi hutumia ukucha wa kidole cha mwisho. Kisha chukua chupa ya kunyunyizia marashi, tia maji na matone mawili ya sabuni ya vyombo, nyunyiza kwa mbali mpaka kokoto zigeuke rangi. Sabuni ndiyo inayovunja ile ngozi. Ndipo uchanganye gundi nyeupe ya seremala, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji, nayo uitie tone la sabuni, na uidondoshe kwa bomba la sindano katikati ya reli. Utaiona inatambaa yenyewe kama chai kwenye mkate. Usiiguse mpaka kesho.

Jambo moja zaidi kwa kuwa upo huko kwenye udongo mwekundu, nami najua unatumia wa nyumbani, kama ninavyotumia wa Voi. Uchekeche kwa chujio la chai, uoke jikoni kwenye kikaango kikavu ili wadudu wafe, kisha funga sumaku ndani ya mfuko wa nailoni na uipitishe mara nne au tano. Utatoa manyoya meusi: hizo ni punje za chuma. Zikiachwa, mota ya kichwa chako ina sumaku, itazivuta zote ndani, na siku moja itanuka. Mchanga wa pwani ni mbaya zaidi, hasa wenye michirizi myeusi.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Wanafunzi wangu wamejenga ubao wa yadi ya Tabora, pale njia za Kigoma na Mwanza zinapoachana. Siku ya wazazi tutauonyesha. Mwaka jana tuliuweka juu ya dawati. Watu walipita wakasema "wameunda mtoto wa treni" wakaenda kwenye soda. — *Mwalimu, Tabora*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kosa ni dawati. Dawati lina sentimita 70, na kutoka juu mtu anaona mapaa, kama kunguru. Nyanyua ubao hadi sentimita 120, macho yafike ubavuni mwa mabehewa, treni itakua ghafla bila wewe kuongeza kitu. Watoto wadogo wawekee benchi mbele, benchi zito lisilopinduka. Kuanzia ukingo wa ubao hadi sakafuni zungusha kaniki. Chini ya hapo pana waya na ndoo, na siri ya mganga haianikwi.

Mbele ya ubao weka fremu, kama ya picha, plaiwudi nyembamba iliyopakwa nyeusi, na juu iteremke sentimita 10 kuficha taa. Taa ikae mbele, kati ya mtazamaji na treni, imuelekee treni. Wengi huitundika nyuma, basi uso wa mabehewa unakuwa giza na mlima wa nyuma unang'aa kama bango la soda.

Umeme ukikatika? Siku moja niliishiwa treni katikati ya hotuba ya mgeni rasmi, nikabaki natabasamu dakika arobaini. Tangu hapo natembea na betri ya pikipiki. Treni hizi hutembea kwa volti 12 za moja kwa moja, na betri ya bodaboda ni hizohizo. Tumia kontrola inayokubali umeme wa betri, na kati yake na betri weka fyuzi ya ampea 2, tafadhali sana. Betri ikipigwa shoti haina subira kama adapta, inageuza waya kuwa mshumaa. Taa ya ledi itakula humohumo.

Kuhusu wanafunzi: wawili kwa zamu, robo saa, mmoja anaendesha, mmoja anaongea. Asiyeendesha asimame mbele pamoja na watu, asijifiche nyuma. Mpe mzazi kikaratasi cha kofia achomoe behewa, halafu mtoto amtafutie. Mzazi aliyechomoa behewa la ng'ombe haendi kwenye soda mpaka alione limetoka. Kabla ya kila zamu futa reli kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa marufuku: unachora mifereji ambamo uchafu unajenga nyumba.

Na muwe na behewa moja bovu, limekaa pembeni, nyasi zimeota kati ya magurudumu. Kila yadi ninayoijua inalo.

SWALI: Toleo lililopita uligusia kwamba ubao wako wa kwanza ulikuwa wa Mombasa hadi Kisumu, mzima. Uko wapi tuje kuuona? — *Msomaji, Changamwe*

JIBU: Ulikuwa plaiwudi nzima, futi 8 kwa 4, chini ya kitanda cha wageni. Mombasa kushoto, Kisumu kulia, Bonde la Ufa katikati, na treni ndefu kiasi kwamba kichwa kikiingia Nakuru behewa la mwisho lilikuwa bado halijatoka Makupa. Nilikaa nao miaka mitatu. Mama watoto alipoinua kona moja ili afagie, ikamkatikia mkononi: mchwa walikuwa wamekwisha kula kutoka Voi hadi Mtito Andei, wakaacha rangi tu. Kipande cha Voi kilichosalia, sentimita 110 kwa 28, nilikihamishia kwenye plaiwudi mpya. Ndicho kilichoko ukutani kwangu, na Jumamosi baada ya alasiri mlango uko wazi.